Programu ya mikopo iliyomwamini mdogo wangu ikanikataa mimi

Nyota mbili kwa leo. Zilikuwa tatu nilipoanza kuandika, na sijui zitakuwa ngapi nikimaliza.

Riba yao na muda wa marejesho sitavigusa. Hayo yako kwenye ukurasa wao, yameandikwa kwa maandishi makubwa ya kuvutia. Mimi nina ugomvi na sentensi moja tu: "Ombi lako halijakidhi vigezo vyetu kwa sasa." Vigezo gani? Na hiyo "kwa sasa" inaisha lini? Nimeuliza, nimeandika, nimepiga simu. Hakuna aliyenijibu, na nimeanza kuamini kwamba wenyewe hawajui.

Mimi ni fundi cherehani na ni mteja wao wa siku nyingi. Nimekopa nikalipa, nikakopa tena nikalipa, na mara nyingi nalipa kabla ya tarehe kwa sababu deni linaninyima usingizi. Safari hii mota ya cherehani langu kubwa iliungua kazi zikiwa zimejaa mezani. Ilitoa moshi, na harufu ya waya ikaingia kwenye vitambaa vya watu mpaka nikalazimika kuvianika nje usiku kucha. Nikafungua programu, nikajaza kiasi ninachotaka. Duara likazunguka, "Tunachakata ombi lako," likazunguka tena kidogo, halafu kitufe kikageuka kijivu na ile sentensi ikakaa juu yake. Nisingekuwa nimemaliza hata kupitisha uzi kwenye sindano. Hiyo ndiyo wanayoiita tathmini.

Sasa, kukataliwa peke yake kusingenikalisha chini kuandika. Kilichonichefua ni kilichofuata sebuleni kwangu.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa amekaa pembeni. "Ngoja nijaribu na mimi, dada," akasema, kwa mzaha tu. Alikuwa amejisajili kwao juzi juzi tu. Akajaza, duara likazunguka, wakampa. Si kwamba walimpa tu: kikomo chake kilikuwa mara kadhaa ya kikubwa kabisa nilichowahi kupewa mimi na ulipaji wangu wote ule. Mdogo wangu nampenda, lakini kila anayemjua anajua pesa haikai mkononi mwake. Mwisho wa mwezi haujafika ameshapiga hodi kwangu, na kuna deni lake moja ninalolidai mpaka limeota mvi. Mfumo hauzijui habari hizo, kwa kuwa ukopeshaji wangu kwake hauandikwi popote. Mfumo unachokiona ni mshahara unaoingia tarehe ileile kila mwezi, na simu ya bei mbaya. Simu hiyo nilimnunulia mimi alipopata kazi. Mimi nikabaki na ya zamani yenye kioo kilichopasuka.

Niseme mapema kwamba sijui kama simu ndiyo iliyoniponza. Sijui kama ni mapato yangu yanayoingia kwa mafungu, leo mengi, kesho hakuna. Sijui kama ni mtaa, umri au jinsia. Ndilo lalamiko lenyewe.

Nikaingia kwenye dirisha la mazungumzo. Likajibu roboti: "Habari mpendwa mteja! Ombi lako halijakidhi vigezo vyetu kwa sasa. Je, jibu hili limekusaidia?" Nikabonyeza kidole gumba cha chini. Likasema: "Asante, tunafurahi kukuhudumia." Nikatafuta namba ya simu, ambayo wameificha chini ya kurasa za maswali yanayoulizwa mara kwa mara (swali langu halimo), nikasubiri na muziki wao mpaka akapokea kijana mmoja mwenye sauti ya upole.

"Dada yangu, mfumo ndio umekataa."

"Mfumo ni wa nani, mdogo wangu?"

"Wa kampuni."

"Basi kampuni ndiyo iliyokataa. Kwa nini?"

Kimya. Nikasikia anabofya bofya. "Hapa kwangu inaonyesha tu kwamba haikupita. Sababu sisi hatuioni, dada. Lakini nikuhakikishie, mfumo wetu hauna upendeleo. Hata jinsia haukuulizi."

Alisema kwa fahari kabisa, na namhurumia, maana ndivyo alivyofundishwa kusema. Lakini sentensi hii ya pili ndiyo iliyoniudhi kuliko ile ya kwanza. Kutoulizwa jinsia si ushahidi wa chochote. Mwaka 2019 kulizuka kelele kubwa Marekani kuhusu kadi ya mkopo ya Apple, iliyokuwa ikitolewa na benki ya Goldman Sachs. Mtengenezaji programu David Heinemeier Hansson alilalamika hadharani kwamba amepewa kikomo mara 20 ya cha mke wake, ilhali wanawasilisha hesabu za kodi kwa pamoja. Steve Wozniak, mmoja wa waasisi wa Apple yenyewe, akasema kwake ilikuwa mara 10. Benki ilijibu kama kijana wangu wa simu: maamuzi yetu hayazingatii jinsia. Kwa haki ya wote niseme kwamba mamlaka ya huduma za fedha ya New York ilichunguza, na mwaka 2021 ikatoa ripoti kuwa haikuona ubaguzi unaovunja sheria. Lakini ripoti hiyohiyo ikasema uwazi na huduma kwa wateja vilikuwa na kasoro. Kwa maneno mengine, watu waliachwa wabuni sababu wenyewe kwa kuwa hakuna aliyewaeleza. Nami niko hapohapo.

Na kompyuta haihitaji kukuuliza kitu ili ikijue. Ukiupa mfumo anwani yako, umeupa na historia ya mtaa wako. Katika miaka ya 1930 Wamarekani walichora ramani za miji, vitongoji vya watu weusi vikapakwa rangi nyekundu na kuitwa hatari kwa mikopo ya nyumba. Ubaguzi wa rangi ulipopigwa marufuku kwenye mikopo, mitaa ilibaki palepale na umaskini wake uliopandwa. Mashine inayojifunza kutokana na rekodi za zamani haihitaji kuambiwa neno "rangi". Msimbo wa posta unatosha. Kwa jinsia ni hivyohivyo: aina ya kazi, mapungufu kwenye historia ya ajira, mali imeandikwa kwa jina la nani, laini ya simu imesajiliwa kwa nani. Vipande hivyo ukivipanga pamoja, mwanamke anaonekana bila kutajwa.

Hata simu si hisia zangu tu za kijicho. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2020 juu ya manunuzi zaidi ya 250,000 katika duka moja la mtandaoni Ujerumani. Vitu vidogo vidogo vinavyoachwa na mteja bila kujua, kama vile anatumia kifaa gani, barua pepe yake ni ya kampuni gani, ameagiza saa ngapi, kama amekosea kuandika anwani ya barua pepe yake, vilibashiri nani atalipa kwa usahihi usiopungua ule wa alama za taasisi ya taarifa za mikopo, yaani namba zinazokadiria nani atalipa deni. Wenye vifaa vya iOS, yaani vya Apple kama iPhone, walikuwa na malimbikizo machache kuliko wenye Android. Mwenye kukopesha akisoma hapo atashangilia. Mimi nilichosoma ni kwamba mtu anaweza kuhukumiwa kwa simu aliyoshindwa kununua, hata kama hajawahi kukosa rejesho. Wastani wa kundi unambebesha mtu mzigo wa watu asiowajua.

Kinachochekesha ni kwamba kama wangeangalia kundi langu kwa dhati, ningefaidika. Utafiti wa mwaka 2011 uliokusanya takwimu za taasisi 350 za mikopo midogo kutoka nchi 70 ulikuta kwamba penye wateja wengi wanawake, ulipaji huwa mzuri zaidi. Kwa hiyo hata huku "kutouliza jinsia" kunaweza kuniumiza. Mwanamke mwenye mapato ya mafungu mafungu anapimwa kwa kipimo kilichotokana na wanaume wenye mapato ya mafungu mafungu, ikiwa wao ndio waliojaa kwenye rekodi. Kuna haja ya kuangalia jinsia wakati wa kuukagua mfumo, hata kama hairuhusiwi wakati wa kuamua. Usipopima huwezi kusema huna upendeleo. Unaweza kusema tu kwamba hujatazama.

Haya, nyota ya pili imetoka wapi basi?

Imetoka kwa ofisa mikopo mmoja wa benki, binadamu mwenye tai, niliyeketi mbele yake zamani kabla programu hizi hazijaja. Nilikuwa na vitabu vyangu vya hesabu, nimevipanga vizuri. Hakuvifungua. Akaniuliza, "Mume wako anajua umekuja hapa?" Nikamwambia biashara ni yangu. Akatabasamu, akasema nirudi naye. Sijasahau lile tabasamu. Kwa hiyo programu hii ilipokuja, ikanikopesha usiku nikiwa na khanga begani bila kuulizwa habari za mume, niliipenda kwa moyo wote na nikaitangaza kwa kila fundi ninayemjua. Sitaki kujifanya kwamba mwanadamu ni dawa. Wapo watafiti waliolinganisha mikopo ya nyumba Marekani wakakuta wakopeshaji wa mtandaoni nao waliwatoza Weusi na Walatino (wenye asili ya Amerika ya Kilatini) riba ya juu zaidi, ingawa kwa baadhi ya mikopo tofauti ilikuwa ndogo kuliko kwa wakopeshaji wengine. Ndogo, lakini ipo. Na yule wa tai angalau nilijua kanikatalia nini. Nilitoka pale na hasira yenye anwani.

Ndiyo, nasikia watu wa hesabu wanasema haki yenyewe ina sura nyingi. Tangu mwaka 2016 imethibitishwa kwa hesabu kwamba makundi mawili yakitofautiana katika kiwango cha kulipa, huwezi, isipokuwa katika hali za nadra, kutimiza vipimo vyote vya haki kwa mkupuo. Ukihakikisha alama ya mkopo ya 600, kwa mfano, ina maana ileile kwa kila kundi, huenda ukawakataa kimakosa walipaji wazuri wengi zaidi wa kundi moja. Nakubali. Basi waseme wamechagua kipimo kipi na ni nani anayebeba makosa. Sikuomba muujiza.

Na kusema sababu inawezekana. Marekani sheria ya usawa katika mikopo ya mwaka 1974 na kanuni zake inamtaka mkopeshaji anayekukataa akupe sababu mahususi, au akujulishe kuwa una haki ya kuziomba. Mwaka 2022 wakala wao wa kulinda watumiaji wa huduma za fedha aliongeza kwamba ugumu wa mfumo si kisingizio: kama mashine yako ni tata kiasi kwamba huwezi kueleza imekataa kwa nini, usiitumie kukataa watu. Ulaya, mahakama kuu ya Umoja wa Ulaya ilisema Desemba 2023, katika kesi ya SCHUFA, taasisi ya Kijerumani inayotoa alama za mikopo, kwamba hata kule kutengeneza alama kwa kompyuta ni uamuzi wa kiotomatiki ikiwa mkopeshaji anaitegemea sana alama hiyo. Kwa hiyo "mfumo ndio umekataa" si jibu linalokubalika kila mahali. Nimewaandikia kuomba mambo matatu: data zangu walizotumia, sababu kuu za kukataa, na mtu mwenye mamlaka ya kupitia upya. Ukikataliwa nawe andika, na utunze nakala. Mimi nimejibiwa na roboti. Nadhani mnajua lilichosema.

Mota nilinunua. Mdogo wangu alichukua ule mkopo kwa jina lake akanikabidhi, nami nikaurejesha wote kupitia simu yake, kabla ya tarehe, kama kawaida yangu. Sasa hebu tazameni wizi huu. Malipo yangu yameingia kwenye rekodi yake. Mfumo umejifunza kwamba mtu wa aina yake, mwenye simu ile na mshahara ule, ni mlipaji bora, na kuhusu mtu wa aina yangu haukujifunza chochote, kwa sababu aliyenyimwa mkopo hana jinsi ya kuonyesha kwamba angelipa. Kesho akija fundi mwingine mwenye simu yenye ufa, ushahidi wangu hautamsaidia. Umeshahesabiwa upande wa pili.

Hapa nimesimama kuandika nikaenda kufuta nyota moja. Imebaki moja, na ni kwa sababu programu hairuhusu sifuri.

Wiki iliyopita mdogo wangu amepokea ujumbe wenye vikaragosi vya fataki: hongera, kutokana na uaminifu wako katika kulipa, kikomo chako kimepanda. Kwangu kitufe bado kijivu. Alinionyesha huku anacheka mpaka machozi, akaniambia, "Dada, ukipata shida tena niletee ombi, nitalichakata."

Nikamwambia aanze kwa kulipa lile deni langu.