Rejeta ya oili kwa ndege ya kujijengea yenye injini ya rotari: ipi ununue, ipi uiache

Ndege nyingi za kujijengea huko Marekani, zikiwemo za RV kutoka Van's Aircraft, boneti zake zilichorwa kwa ajili ya Lycoming, injini inayopozwa kwa hewa. Mjenzi akifunga Mazda 13B, injini ya rotari ya magari, humo, maji huwa hayamsumbui sana. Kinachomtoa jasho ni oili: ndege inapanda, geji nayo inapanda, na inabidi ashushe pua kabla hajafika alikokuwa anakwenda.

Sababu iko ndani ya rota, kile kipande cha pembe tatu kinachozunguka badala ya pistoni. Maji hayafiki humo, yanazunguka kwenye ganda tu. Rota hupozwa na oili inayorushwa kutoka kwenye shafti, kwa hiyo takriban theluthi ya joto linalopaswa kutolewa na rejeta hubebwa na oili. Halafu rotari haina uvumilivu wa Lycoming. Lycoming huruhusu oili kufika nyuzi 118 za Selsiasi. Kwenye 13B, oili inayoingia kwenye injini isizidi 99, na ukiweza kuiweka kwenye 90 ni afadhali zaidi, kwani sili za oili za pembeni mwa rota zina oringi za mpira, na mpira ukipikwa hukauka. Ukishakauka, injini inatoa moshi wa buluu, na dawa yake ni kuifungua yote.

Piga hesabu ya siku yenye nyuzi 38. Rejeta ya Lycoming ina tofauti ya nyuzi 80 kati ya oili na hewa. Ukitaka oili yako ikae kwenye 95, wewe unabaki na nyuzi 57. Hata joto la kutoa lingekuwa sawa, na haliko sawa, ungehitaji rejeta yenye uwezo wa asilimia 40 zaidi. Ndiyo maana muuzaji anayekwambia "hii inatosha nguvu farasi 180" hajakwambia kitu mpaka aseme ni farasi 180 za injini gani.

Kabla hujafungua pochi, hakikisha unachokosa ni rejeta. Wengi hununua ya pili, wakaifunga mahali palepale penye hewa haba, na geji isisogee. Funga vipima joto vitatu: oili inapoingia kwenye rejeta, oili inapotoka, na hewa iliyokwisha kupita kwenye mapezi, zile bati nyembamba za rejeta. Panda kwa nguvu zote dakika tano, usome. Hewa ya nyuma ikiwa ya moto, imekaribia joto la oili, rejeta inafanya kazi yake ila hewa ni kidogo. Hapo tengeneza mlango wa hewa na mfereji wake, usinunue kitu. Hewa ya nyuma ikiwa vuguvugu ilhali oili inachemka, joto halifiki kwenye mapezi: ama oili inapitia njia ya mkato kwa sababu themostati imekwama, ama rejeta kweli ni ndogo. Angalia pia kipimo cha geji ya rubani kimefungwa upande gani. Nyuzi 105 kabla ya rejeta zinaweza kuwa hali nzuri tu, lakini baada ya rejeta ni hatari.

Hewa yenyewe hupimwa kwa kitu cha bei ya chini: geji kuukuu ya mwendokasi wa ndege. Chukua mirija miwili ya plastiki, ziba ncha zake, toboa vitundu sita vya milimita 1 ubavuni mwa kila mmoja ili usisome upepo wa moja kwa moja. Mmoja ulaze mbele ya rejeta, uunge kwenye tundu la pito la geji, lile la upepo wa mbele. Wa pili ulaze nyuma ya rejeta, uunge kwenye tundu la statiki, lile la hewa tulivu. Ukipanda kwa noti 90 (noti ni maili ya baharini kwa saa) na geji hii ikaonyesha 60, rejeta inapata asilimia 44 ya mgandamizo uliopo, maana mgandamizo hufuata mraba wa kasi. Ikionyesha 30, unapata asilimia 11, na hakuna rejeta ya kununua itakayokuokoa.

Kwa kiwango, chukulia oili inatoa kilowati 30 wakati wa kupanda na hewa inapata joto la ziada la nyuzi 30. Hapo inahitajika kilo moja ya hewa kila sekunde, karibu mita za ujazo 0.9. Kwa noti 90, yaani kilomita 167 kwa saa, mlango wa sentimita za mraba 200 ungetosha kama hewa ingeingia bila kupunguza kasi. Lakini hupunguza, kwa hiyo mlango uwe mkubwa kuliko huo, na tundu la kutokea liwe kubwa zaidi, kwa sababu hewa moto imevimba. Ukiwa angani kwa noti 160 mgandamizo ni zaidi ya mara tatu ya ule wa kupandia. Kwa hiyo ndege isiyochemka safarini bado haijafaulu mtihani wowote.

Ikiwa vipimo vimesema rejeta ndiyo tatizo, huu ndio mpangilio wetu.

1. Rejeta mpya ya sahani, aina ya Setrab ya Sweden. Ina unene wa milimita 50, ni imara, na huuzwa kwa ukubwa wa kila namna, kwa hiyo unachagua inayolingana na mfereji wako badala ya kulazimisha mfereji ufuate rejeta. Matundu mengi ni ya nyuzi za M22, kwa hiyo agiza na adapta za kwenda AN-10, saizi ya fitingi za hosi. Kasoro yake ni kwamba haina themostati. Ongeza ya nje, la sivyo asubuhi ya baridi oili haipati joto na mgandamizo unapaa. Kosa la kawaida ni kununua kubwa kupita kiasi kisha nusu yake ikakaa nyuma ya ukingo wa boneti, mahali pasipopita hewa.

2. Rejeta ya Mazda RX-7 ya kizazi cha pili, 1986 hadi 1991. Wako watakaobisha kwamba hii ndiyo ya kwanza, na wana hoja: ilitengenezwa kwa injini hiihii, inapitisha oili yote ya pampu bila kuibana, na ina valvu ya joto ndani yake. Tumeishusha kwa sababu ya umri tu. Ukiipata, fungua plagi kubwa iliyo kwenye kichwa chake, toa kile kidude cha nta, ukipime urefu kwa kalipa. Kitumbukize kwenye sufuria ya maji yanayokaribia kuchemka, ungoje dakika tatu, upime tena. Kisiporefuka kimekufa, na rejeta itakuwa inapitisha oili pembeni siku zote. Wengine huziba njia hiyo kabisa. Hilo ni kosa, kwa kuwa oili nzito ya baridi ikikosa pa kupita inaweza kupasua rejeta.

3. Jozi ya rejeta za RX-8. Si kuukuu kama za RX-7, na gari la gia za mkono lilikuja nazo mbili. Zinafaa mashavuni mwa boneti, moja kila upande. Zifunge kwa mfuatano, usizigawanyie oili. Zikigawana, iliyo na njia rahisi humeza karibu oili yote, nyingine ikapoa, oili yake ikawa nzito, na ikazidi kukosa mtiririko. Gharama ya mfuatano ni mgandamizo kupungua kidogo, na hosi zinakuwa ndefu.

4. Rejeta za ndege zilizotengenezwa kwa Lycoming. Kazi safi, bei kali. Moja haitoshi kwa sababu zilizotajwa juu. Mbili zitatosha, ila kwa fedha hizo ungepata namba 1 na chenji ya hosi zote.

5. Kipozeo cha oili kwa maji. Kidogo, hakihitaji mlango wa hewa, na oili hupata joto haraka asubuhi. Lakini oili haiwezi kuwa baridi kuliko maji. Maji yakiwa nyuzi 90, nafasi iliyobaki hadi 99 ni finyu mno, na joto lote la oili umelihamishia kwenye rejeta ya maji, ambayo sasa yenyewe haitoshi.

Rejeta za gia otomatiki, zile za bomba jembamba, hazina nafasi kwenye orodha hii. Kwenye 13B oili yote hupita kwenye rejeta ndipo iende kwenye filta na beringi, kwa hiyo ukiikaba hapo umeikaba injini nzima.

Hosi ziwe AN-10 kwenda juu. AN-8 ni saizi ya bomba lenye kipenyo cha nje cha nusu inchi na AN-10 cha inchi 5/8, yaani kwa kipimo hicho eneo ni asilimia 56 zaidi; tundu la ndani ni dogo kuliko hapo. Zivalishe soksi ya kuzuia moto. Rejeta ikae kwenye vibao vya mpira, isikazwe chuma kwa chuma, na ikiwezekana matundu yatazame juu ili hewa isijifungie ndani. Kila upenyo kati ya rejeta na mfereji uzibwe kwa silikoni: hewa ikipata pa kukwepea, haitajisumbua kupita kwenye mapezi. Kukaza fitingi tumia spana mbili, moja ishike kiungo cha rejeta. Kiungo hicho ni cha alumini, na kikipindishwa hupasuka kwenye mshono wa weldi. Ufa huo huwa hauonekani mpaka oili ichemke.

Ukinunua iliyotumika, uliza kilichotokea kwa injini iliyotoka nayo. Kama ilikula beringi, usiinunue hata ikisafishwa mara kumi: chembe za chuma hujificha kwenye mikunjo ya ndani na hutoka siku ya kwanza zinapotikiswa na injini yako mpya. Isiyo na historia, isafishe kwa kusukuma mafuta ya taa kinyume na mtiririko, uchuje yanayotoka kwa kitambaa cheupe. Ukiona hata mmeto mmoja, ni ya kuuza chuma chakavu.

Ukishaifunga, ongeza oili ya kujaza rejeta na hosi, kata mafuta na umeme wa plagi, zungusha injini kwa stata hadi geji ya mgandamizo inyanyuke, ndipo uwashe. Baada ya dakika tano zima, pangusa kila fitingi kwa karatasi nyeupe, kisha pima oili upya kwa kijiti. Itakuwa imeshuka.