Kuchagua maleba ya jukwaani: njia tano za kuyapata, kuanzia iliyo bora

Msanii anayechanganya mazingaombwe, sarakasi, nyimbo na vichekesho katika onyesho moja hununua vazi kwa ajili ya mwili unaoinama, unaoruka na unaotokwa jasho chini ya taa kali, lakini wengi huchagua vazi hilo wakiwa wamesimama wima mbele ya kioo. Kwa sababu hiyo nimezipanga njia za kupata maleba kwa kigezo kimoja kikuu, nacho ni kiasi ambacho vazi humwacha msanii afanye kazi yake bila kulikumbuka.

Nafasi ya kwanza naipa nguo ya kawaida iliyoshonwa vizuri, inayonunuliwa dukani kisha ikapelekwa kwa fundi cherehani kurekebishwa. Naiweka juu ya vazi la kushonesha kwa sababu onyesho changa hubadilika mara kwa mara, na si busara kumaliza akiba kwa vazi la mchezo ambao huenda ukaachwa baada ya miezi miwili. Kasoro kubwa ya koti la dukani iko kwapani: tundu la mkono hukatwa chini mno, kwa hiyo ukiinua mikono yote miwili koti zima hupanda nayo. Koti langu la kwanza lilinifanyia hivyo mbele ya watazamaji, na kitambaa nilichokuwa nimekificha kiunoni kikaonekana kabla ya wakati wake. Fundi alifumua mshono wa kwapa, akapachika kipande cha kitambaa kinachovutika, chenye umbo la almasi, upana wa kiganja na rangi ileile ya koti. Tangu siku hiyo mikono ilipanda na koti likabaki mahali pake. Fundi huyohuyo anaweza kuongeza mifuko ya siri ndani ya bitana, pamoja na kifuko cha mgongoni cha kisambazaji cha maikrofoni isiyo na waya.

Njia ya pili ni kushonesha vazi kwa vipimo vyako, na kwa mwanasarakasi wa angani naihesabu kuwa ya kwanza bila kusita. Yeye anahitaji kitambaa chenye spandeksi, uzi uliobuniwa nchini Marekani mwaka 1958, ambao huvutika sana kisha hurudi katika umbo lake. Vazi lake lifunike kwapa na nyuma ya magoti, mahali ambapo kamba au kitambaa cha kuning’inia huchubua ngozi, na lisiwe na zipu wala vipambo vya kumetameta sehemu hizo, kwa kuwa hukwaruza mwili na kuchana kitambaa kinachombeba. Faida nyingine ya kushonesha ni kwamba vazi lenyewe laweza kuwa chombo cha mchezo: Loie Fuller, mcheza dansi wa Marekani, alipata hataza, yaani haki rasmi ya mvumbuzi, mwaka 1894 kwa vazi pana lenye fimbo ndani, zilizomwezesha kukipeperusha kitambaa mbali na mwili wake. Anayebadili mavazi upesi jukwaani aagize vifungo vya kubonyeza au vya sumaku. Velkro, yaani tepe mbili zinazoshikana kwa vijindoano, hufunguka haraka, ila mlio wake husikika hata kwenye viti vya nyuma.

Ya tatu ni maleba yaliyokwisha kutumika katika michezo ya kuigiza. Mafundi wa michezo hiyo huacha akiba kubwa ya kitambaa kwenye mishono ili vazi lipanuliwe kwa mwigizaji mwingine, hivyo ligeuze nje ndani, uipime akiba hiyo na ukague kwapa na msamba kabla ya kutazama mapambo. Ya nne, kukodi, hufaa kwa onyesho la usiku mmoja tu, kwani vazi la kukodi haliruhusiwi kukatwa wala kutiwa mifuko.

Nafasi ya mwisho inachukuliwa na mavazi ya kung’aa ya sherehe, yanayouzwa yakiwa yamekunjwa ndani ya mfuko. Mishono yake ni dhaifu, na mengi ni ya poliesta au nailoni nyepesi ambayo ikishika moto huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Wanaocheza na moto wavae pamba nzito, sufu au ngozi. Hatari hii si ya kubuni: mwaka 1862 mcheza baleti Emma Livry aliungua wakati wa mazoezi mjini Paris baada ya sketi yake kugusa taa ya gesi, na akafariki mwaka uliofuata. Alikuwa amekataa sketi zilizotiwa dawa ya kuzuia moto kwa sababu dawa hiyo ilizifanya ngumu na kufifisha weupe wa kitambaa.

Njia yoyote utakayoichagua, peleka vazi chini ya taa za rangi kabla ya kulipa. Kijani chini ya taa nyekundu huonekana karibu cheusi, na nyeusi mbele ya pazia jeusi humezwa, watazamaji wakabaki na uso na viganja viwili vinavyoelea. Kisha fanya onyesho lako lote ukiwa ndani yake, kuanzia salamu hadi kuinama kwa kuaga, huku mtu akikutazama kutoka safu ya mwisho na kuandika kila mara mkono wako unapokwenda kuvuta, kupandisha au kunyoosha nguo.