Bessie Jones bure kwenye Lomax Digital Archive, walimu wa muziki hebu ingieni

Walimu wenzangu wa Busia na nyie wa kwaya za watoto popote mlipo Uganda, kama kuna bando limebaki msilimalizie TikTok, nendeni Lomax Digital Archive, hifadhi ya mtandaoni ya rekodi za muziki, mkamsikilize mwimbaji Bessie Jones. Hulipii kitu, unabonyeza wimbo unacheza basi.

Huyu mama alizaliwa Georgia, Marekani, mwaka 1902, na nyimbo nyingi alifunzwa na babu yake aliyewahi kuwa mtumwa. Kisiwa cha St. Simons, pwani ya Georgia, alihamia tu, miaka ya 1930, akaingia kikundi cha waimbaji wa huko, Wagullah, wajukuu wa Waafrika waliopelekwa pwani ile kulima mpunga na pamba. Alan Lomax, mtafiti wa muziki ambaye hifadhi hii ina jina lake, alienda kuwarekodi 1959, na miaka miwili baadaye mama mwenyewe akafunga safari mpaka New York nyimbo zake zihifadhiwe, pamoja na hadithi za maisha yake. Mimi hapo ndo nilimpenda kabisa.

Sasa muziki. Kule South Carolina ngoma zilikatazwa kwa sheria ya 1740 baada ya uasi wa watumwa wa Stono, mabwana waliogopa watumwa wataitana nazo, na hata kwa hawa wa Georgia utasikia kazi ya ngoma inafanywa na mikono na miguu, na fimbo inayogongwa sakafuni. Na makofi si makofi tu jamani! Bessie alikuwa anafundisha makofi ya besi, ya baritoni na ya teno kama kwaya kamili, viganja ukivikunja kama bakuli vinatoa mlio mzito, ukivinyoosha mlio unakuwa mkali. Shule yetu ngoma ni moja na ngozi imepasuka, kwa hiyo P4 wangu nimewagawa makundi matatu, yaani darasa la jirani walikuja kuchungulia dirishani. Kuitikia wala sikuwafundisha, kiongozi anatupa mstari wao wanadaka, hiyo wanayo tangu nyumbani.

Ubaya wake, maelezo yote ni Kiingereza tena cha watafiti, na yale mahojiano ni marefu, lafudhi nzito, mimi nusu sikuambulia. Jioni mtandao wa huku nao unasuasua, wimbo unakatika katikati ya kiitikio, inaudhi sana, bora usikilize alfajiri.

(Wanaosema mbona unatuletea za Wamarekani, Makerere kuna hifadhi yenye jina la Klaus Wachsmann, ina nyimbo zetu za zamani, mkipita Kampala ulizieni.)

Nyota nne kati ya tano. Anzeni na michezo ya watoto, mahojiano yaacheni kwanza, na mtumie earphone maana spika ya simu inameza makofi ya besi yote, utasikia teno peke yake udhani ndo wimbo ulivyo.