Kuvua wolai juu ya barafu, Lake of the Woods: uzoefu wangu

Nimekulia Musoma, kwa hiyo ziwa kubwa si jambo geni kwangu. Ila ziwa linalopitiwa na magari juu yake nimeliona kwa mara ya kwanza Januari hii. Tulikwenda kumtafuta wolai (walleye), samaki mla samaki wa maziwa ya Amerika Kaskazini. Mimi na shemeji yangu tulitoka Minneapolis usiku, tukaendesha kama saa tano hadi Baudette, mpakani mwa Marekani na Kanada. Tulilipia huduma ya kutwa, dola 80 kwa kichwa: unapelekwa kwenye kibanda chenye jiko la gesi, mashimo yameshatobolewa na chambo unapewa. Leseni ya kuvua unajikatia mwenyewe.

Kibanda kilikuwa safi. Nje nyuzi 26 chini ya sifuri, ndani tulikaa na sweta tu. Lakini kengele ya hewa ya sumu ilikuwa haina betri. Shemeji aliibonyeza ikawa kimya. Tulipiga simu wakatuletea nyingine baada ya dakika ishirini, na muda wote huo tuliacha mlango wazi. Jiko la gesi ndani ya kibanda kilichofungwa linaweza kukuua bila kunusa chochote. Ukifika, bonyeza hiyo kengele kabla hujavua hata glavu.

Kilichonifurahisha zaidi ni kijana aliyetupeleka. Hakutushusha akaondoka, alikaa akatufundisha. Wakati wa barafu sheria ya jimbo hilo, Minnesota, inaruhusu kila mtu mishipi miwili, basi mmoja unauacha umetulia na boya, ndoano ikiwa na kidagaa hai sentimita chache kutoka chini, na mwingine unauchezesha mkononi. Kwetu kina kilikuwa mita 9. Ule wa mkononi una kipande cha chuma cha rangi ya dhahabu, na kwenye ndoano unatia kichwa tu cha kidagaa. Unakigonga chini mara mbili tatu, tope litimke, kisha unakiinua na kutulia. Nilikuwa nautikisa bila kupumzika, akanishika mkono: "Kaka, ukimwona kwenye sona, acha. Anakuja kutazama kwanza." Sona ni kifaa chenye skrini kinachoonyesha samaki waliopo chini ya shimo.

Na kweli. Kwenye sona ulitokea mstari mwekundu, ukapanda taratibu hadi usawa wa chambo. Nikatulia. Sangara ukimnasa unajua umenasa kitu, mshipi unakata vidole. Huyu alikuwa kama mtu aliyeweka kidole juu ya ncha ya fimbo akakiacha hapo. Nikavuta.

Alipotoka shimoni kitu cha kwanza nilichokiona ni jicho. Kubwa, limefunikwa na weupe kama gololi ya kioo, na shemeji alipommulika tochi likawaka. Nyuma ya jicho la wolai kuna utando unaorudisha mwanga, ndiyo maana anaona vizuri kwenye maji yenye giza na huwinda hasa alfajiri na magharibi. Tazama pia mkia: ncha ya chini ni nyeupe. Ndugu yake, soga, hana weupe huo na ana madoadoa kwenye pezi la mgongoni. Kuwatofautisha ni lazima, maana unaruhusiwa samaki sita kwa jumla, wolai wasizidi wanne. Wolai wa kati ya inchi 19 na nusu na 28 anarudishwa majini. Wangu alikuwa na inchi 21, nikamrudisha. Iliniuma, lakini hao ndio wazazi wa ziwa.

Kuhusu barafu kulia: italia. Ilinguruma chini ya miguu yetu kama radi ya mbali, shemeji akasimama wima. Barafu hupasuka na kutanuka baridi inapobadilika. Ya kwetu ilikuwa na unene wa zaidi ya sentimita 60, tulipima kwenye shimo.

Sasa lalamiko langu kubwa. Ukimwacha yule niliyemrudisha, kutoka saa nne asubuhi hadi saa nane tulipata soga wawili tu. Saa tisa na nusu mistari ikaanza kujaa kwenye sona, boya la shemeji likazama, nikatoa wolai wawili wa kula ndani ya dakika kumi. Saa kumi kamili gari la kuturudisha likapiga honi. Jua lilikuwa bado halijazama! Mwenye huduma anajua kuliko sisi samaki huyu hula saa ngapi, na bado huo ndio wakati anaokutoa. Tuliomba tuongezewe saa moja kwa malipo, tukakataliwa.

Wale wolai wawili tuliwatoa minofu nyumbani, tukawapitisha kwenye unga wa mahindi na kuwakaanga. Nyama nyeupe, tamu, haina shombo. Wanangu walimaliza ugali wote.

Kwa mafunzo nawapa alama zote, kwa muda nawapa nusu. Februari tunarudi ziwa hilo hilo, ila safari hii tumelipia kwa watoa huduma wengine, kibanda cha kulala, usiku mzima.