Miezi minane na chaja ya betri: gari limepona, boda imefiwa

Nilichoka kubustiwa na majirani kila Jumatatu. Noah yangu hukaa siku nne tano bila kutembea, alamu inanyonya betri kimyakimya, na siku ya safari ukizungusha ufunguo unasikia "tak, tak, tak" basi. Nikaenda Kariakoo upande wa Gerezani, nikarudi na chaja ndogo kuliko pasi ya kunyooshea nguo: vibanio viwili, chekundu na cheusi, kioo cha kusoma volti, na kitufe kimoja cha kuchagua modi. Kuna modi ya gari (ampea 8), pikipiki (ampea 1), AGM (aina ya betri iliyofungwa), lithiamu, na moja imechorwa spana, eti ya kufufua betri. Muuzaji akaniambia, "Bosi, hii ina akili, we chomeka tu." Hapo ndipo alipokosea.

Kwenye Noah sina malalamiko. Ni betri ya maji, ujazo wake ampea-saa 60. Nilipima asubuhi nikakuta volti 11.9, wakati betri iliyoshiba, ikiwa imetulia, husoma 12.6 au 12.7. Kufungua vifuniko, seli mbili sahani ziko nje kabisa. Nikaongeza maji ya betri, yale ya chupa, si tindikali, kiasi cha kuzifunika tu. Ukijaza kabla ya kuchaji yatafurika. Chekundu nikakibana kwenye chanya, cheusi kwenye chuma cha injini mbali na betri, swichi ya ukutani mwisho. Kuchomoa ni kinyume chake, umeme kwanza. Wengine huona ni mbwembwe, lakini betri ya maji ikichajiwa hutoa haidrojeni, na cheche moja pale juu inatosha kuilipua. Fundi wangu wa zamani ana kovu la tindikali shavuni, hahitaji kumweleza mtu zaidi. Mimi nachajia uani, sebuleni hata mvua inyeshe hapana. Saa saba hivi ikajaa, na kwenye LUKU imekula kama yuniti moja.

Prius ya shemeji, gari la mseto la petroli na umeme, ilikuwa vituko. Ile betri yake ndogo ya volti 12 imejificha pembeni ya buti, na buti lenyewe linafunguka kwa umeme wa betri hiyohiyo iliyokufa! Shemeji akaingia kwa kupitia siti za nyuma, miguu inaning'inia nje kama mwizi, mpaka tukakumbuka kuna sehemu ya kubania chanya kule mbele kwenye boksi la fyuzi. Ile ni AGM, imefungwa, haina pa kuongeza maji, na ina kimrija cha kutolea gesi nje kwa sababu inakaa ndani ya gari. Nikamwambia, "Shem, bonyeza AGM, spana usiiguse." Modi hizo za kufufua hupandisha volti kupita kiasi. AGM ikishatoa unyevu wake ndiyo imetoka, hairudishiwi, na vifaa vya umeme vya gari navyo vinaweza kuungua. Kama betri yako ni ya jeli, chaja hii usiinunue: jeli inataka volti 14.1 hivi, na hapa hamna modi yake.

Kijana mmoja wa mtaani aliniletea betri ya pikipiki ya umeme, ubavuni imeandikwa volti 72. Kaona neno lithiamu kwenye chaja yangu. Modi hiyo ni ya betri ya volti 12 tu, na ile kubwa ina chaja yake. Nikamrudisha nayo, akanuna.

Sasa msiba wenyewe. Mdogo wangu ana boda, betri kavu ya ampea-saa 5. Nikaweka modi ya pikipiki, nikalala. Usiku umeme ukakatika, ukarudi. Chaja hii haina kumbukumbu: umeme ukirudi inaanza upya kwenye modi ya kwanza, gari, ampea 8. Ampea 8 kwa betri ya ampea-saa 5! Asubuhi nikasikia harufu ya mayai viza, betri ya moto hata kuishika siwezi, na mbavu zimetoka. Mdogo wangu akaiangalia kwa muda. "Kaka, hii ina mimba."

Nikamnunulia nyingine. Kijitabu cha chaja hakisemi lolote kuhusu umeme kukatika, na aliyeitengeneza nadhani hajawahi kuishi Mbagala.

Nyota tatu kati ya tano. Kwa gari naipenda, na betri ya Noah haijanisumbua tena. Betri ya boda naichaji mchana, nikiwa nimekaa hapohapo, na feni ikizimika tu nakimbilia kuchomoa.