Rauta ipi ununue kama una NAT tupu na ipi kama una taneli

Wakuu, kabla hujatoa hela jiulize kwanza, paketi zako zitabadilishiwa anwani tu (hiyo ndo NAT) au zitafungwa ndani ya paketi nyingine (hiyo ndo taneli)? Maana spidi inayotangazwa kwenye boksi mara nyingi haihesabu taneli, ukiiwasha hiyo namba isahau.

NAT haiongezi baiti hata moja, inafuta anwani na poti inaandika nyingine alafu inakumbuka, na kwenye rauta za MikroTik (zote nne hapa chini ni zao) kuna njia ya mkato inaitwa FastTrack, inazipitisha chapchap paketi zinazofuata. Taneli ni kama kuchukua parseli ya basi ukaitia tena kwenye kiroba, inakula nafasi. PPPoE (mteja anaingia kwa jina na nenosiri) baiti 8 (ndo maana MTU, yani ukubwa wa juu wa paketi, inashuka toka 1500 hadi 1492), GRE (taneli isiyosimba data) 24, WireGuard (taneli ya VPN inayosimba data) 60 ikipita kwenye IPv4. Ila baiti 60 kwenye 1500 ni asilimia 4 tu, kinachoua spidi ni prosesa, sababu kwenye taneli zinazosimba kama WireGuard kila paketi lazima isimbwe na hapo FastTrack haikuokoi.

1. hAP ax2. Kwa wengi wetu hii ndo namba moja. Core 4, RAM 1GB, poti 5 za gigabiti na Wi-Fi 6 humohumo. WireGuard inategemea nguvu ya prosesa na hii inayo. Wenye Starlink hasa angalieni hapa, wengi mko nyuma ya CGNAT, yani NAT ya mtoa huduma inayowaweka wateja wengi kwenye IP moja (ukiona IP ya kati ya 100.64 na 100.127 ndo yenyewe), kamera ya nyumbani huifikii moja kwa moja toka nje kwa IPv4 mpaka uweke taneli kwenda kwenye seva yenye IP ya wazi.

2. hEX RB750Gr3. Haina Wi-Fi, RAM 256MB, lakini ina chipu ya kusaidia IPsec (taneli nyingine inayosimba), MikroTik wenyewe wanatangaza karibu 470Mbps. Sasa hapa ndo watu wanapotea: chipu hiyo inasaidia AES (njia ya kusimba ya IPsec), haisaidii ChaCha20 (njia ya kusimba ya WireGuard), kwa hiyo ofisi yenye matawi ikihama IPsec kwenda WireGuard sababu ni ya kisasa, kwenye kifaa hiki spidi inaweza ikashuka. Kama matawi yako yapo kwenye IPsec, ichukue hii na ubaki hukohuko.

3. RB5009. Core 4 za 1.4GHz na poti ya SFP+ (ya kuchomeka moduli ya fiber) ya 10G. Bonge la mashine, nimeiweka ya tatu kwa sababu ya bei tu, ila kama unauza intaneti mtaani kwa PPPoE na wateja wanaongezeka basi kwako wewe ndo ya kwanza.

4. hAP lite. Core 1, RAM 32MB, poti za 100Mbps. NAT ya kibanda kidogo sawa, taneli hapana.

Wenye hotspoti, FastTrack inaziruka simple queue (kanuni za kumwekea mteja kikomo cha spidi), yani mteja uliyempa 5Mbps anaweza akanyonya laini nzima, itabidi uizime na hapo NAT yenyewe inakuwa nzito. Kwa hiyo ingia ukurasa wa kifaa kwenye tovuti ya MikroTik, soma mstari wa rautingi yenye simple queue 25, safu ya baiti 512, usidanganywe na ile ya 1518.

Na ukishafunga taneli, ukiona WhatsApp inapita ila tovuti nyingine zinaganda, usirudishe rauta dukani, weka change-mss ya clamp-to-pmtu kwenye mangle (sehemu ya firewall ya MikroTik) kwanza, inapunguza ukubwa wa paketi za TCP zitoshe kwenye taneli.