Rezdiffra: kidonge cha ini lenye mafuta, mwenye kisukari atarajie nini

Rezdiffra (resmetirom) iliidhinishwa Marekani Machi 2024, ikiwa dawa ya kwanza ya ini lenye mafuta lililokwisha kuvimba na kuingia makovu ya ngazi ya F2 au F3 (ya wastani hadi makubwa). Inaiga homoni ya thairoidi, ila hulenga zaidi kipokezi (sehemu ya seli inayopokea homoni) cha beta, kilichojaa kwenye ini, ili ini liunguze mafuta. Kile cha alfa, cha moyo na mifupa, hukigusa kidogo.

Basi kwa nini mtu asimeze levothyroxine, kidonge cha kawaida cha homoni ya thairoidi, cha bei rahisi? Ilijaribiwa Singapore kwa wanaume 20 wenye kisukari, matokeo yakatoka 2018: mafuta ya ini yalipungua kidogo, lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha. Nayo haichagui kipokezi. Ikizidi, moyo huenda mbio na mifupa hulika. Usijitibu nayo.

Katika jaribio la MAESTRO-NASH la watu 966, wengi wao wenye kisukari, uvimbe uliisha kwa 29.9% ya waliomeza miligramu 100 kwa wiki 52. Waliopewa kidonge kitupu ni 9.7%. Makovu yalipungua kwa 25.9% dhidi ya 14.2%. Ni faida ya kweli, ingawa wengi hawakuipata. Sukari haikushuka, wala uzito. Kwa mwenye kisukari aliye mnene tungeanza kuuliza sindano ya semaglutide (Wegovy), iliyoidhinishwa kwa makovu hayohayo Agosti 2025.

Rezdiffra humezwa mara moja kwa siku, umekula au hujala: miligramu 80 ukiwa chini ya kilo 100, miligramu 100 ukifikia kilo hizo au kuzidi. Kuharisha na kichefuchefu huja mwanzoni. Usipandishe metformin wakati huohuo, maana hutajua kipi kinakuharisha.

Mgongano wa dawa ndio unaosahaulika. Kwa dawa za kolesteroli, simvastatin na rosuvastatin zisizidi miligramu 20 kwa siku, atorvastatin na pravastatin 40. Gemfibrozil, ya kushusha mafuta ya damu, haichanganywi na Rezdiffra kabisa. Anayetumia clopidogrel, ya kuzuia damu kuganda, hushushiwa Rezdiffra: 100 iwe 80, 80 iwe 60. Ini lililokwisha kushindwa, tumbo likajaa maji, halipewi dawa hii. Macho yakigeuka manjano au ubavu wa kulia ukiuma, wahi hospitali.

Bei ilipotoka: dola 47,400 kwa mwaka.